Mpishi Aliyeombewa Tensta

Kwenye stesheni ya Södertälje, mji wa viwanda karibu na Stockholm, palikuwa na kioski chenye rafu nzima ya vitabu vya upelelezi, na majalada yake yote yalikuwa ya ukoo mmoja: theluji, ziwa, mti mkavu na tone la damu. Mwenzangu wa jikoni, msichana wa Kichina aliyenizidi kila kitu isipokuwa umri, hakuweza kuipita rafu ile. Alilala juu ya mgahawa tulimokuwa tukifanya kazi, lakini asubuhi alikuja kunipokea stesheni ili apate kisingizio cha kuvishikashika vitabu. Hakununua hata kimoja.

"Nimevisoma vingi maktaba," aliniambia. "Mchina yumo ndani ya kila kitabu. Polisi anasikia njaa, Mchina anamletea tambi, basi."

"Na Mwafrika?"

Akafikiri kidogo. "Mwafrika ndiye anayeikuta maiti. Anakuwa anapiga deki."

Tulicheka mpaka mwenye kioski akatukazia macho. Miaka yangu ya kwanza Stockholm nilipiga deki maofisini kweli, na sikukuta chochote zaidi ya vikombe vya kahawa vilivyoota ukungu. Tulizungumza Kiswidi chetu cha kuokoteza, ambacho hapa nakigeuza kuwa Kiswahili na kukipa adabu ambayo hakikuwa nayo. Yeye aliniita jie, yaani dada mkubwa kwa lugha yao, nami nikamwita mdogo wangu. Nilikuwa nimetoka Nakuru kumfuata mume aliyekuwa akisoma, nikaishia kumenya kamba wa baharini kwenye mgahawa wa bufee ambako wafanyakazi wa kiwanda cha malori walikuja kujaza sahani mchana.

Mdogo wangu alikuwa mwandishi. Aliandika hadithi za upelelezi kwa Kichina na kuzitoa sura moja moja kwenye tovuti moja ya huko kwao, kwa jina la kubuni. Wahusika wake walikuwa Wachina wa miji ya ng'ambo: wapishi, wafua nguo, wanawake wa kukanda miguu, watu ambao polisi hupita mbele yao wakitafuta choo. Aliniambia kwamba katika hadithi zake Mchina haleti sahani. Mchina anauawa, Mchina anaua, na Mchina anachunguza, kwa sababu wengine hawajui hata pa kuanzia kuuliza.

Kila asubuhi, mikono yetu ikiwa ndani ya beseni la kamba na barafu, alinisimulia sura mpya. Mimi ni mtu wa kukosa subira. Nilimtukana alipokatiza mahali pazuri, nikamtishia kwamba nitammwagia maji, naye akaendelea kumenya huku akitabasamu na ulimi kauweka pembeni. Ilikuwa hadithi ya mpishi katika mji wa baridi. Mpishi huyo aliingia nchini kwa njia za panya, tajiri wake ndiye aliyemwingiza, na siku alipotaka kuhamia mgahawa mwingine alianza kuulizwa ataenda kusema nini huko. Siku iliyofuata hakuonekana. Tajiri akawaambia watu kwamba amerudi kwao. Katika hadithi, mtu mmoja tu hakuamini, mwosha vyombo, kwa sababu ya kisu.

"Kisu gani?" niliuliza.

"Mpishi wetu ana kisu chake mwenyewe. Kile kipana. Akihama, anaweza kuacha nguo, anaweza kuacha mwanamke. Kisu anakikunja kwenye taulo anaenda nacho. Mpishi aliyeondoka, kisu chake kikabaki ukutani, huyo hakuondoka kwa miguu yake."

Nilikuwa nimeinama. Nilipoinua kichwa, macho yangu yakaenda yenyewe kwenye ukuta wa kando ya jiko la wali. Palikuwa na msumari pale, na juu ya msumari kisu kipana chenye mpini uliofungwa uzi mwekundu. Nilikuwa nimekiona tangu siku yangu ya kwanza. Hakuna aliyekitumia. Siku moja niliponyoosha mkono nikichukue nikate kabichi, mpishi wa zamu alinipiga kikofi mkononi kama mtoto, nami nikadhani ni mambo ya usafi.

Nikamwuliza polepole, "Mdogo wangu, hii hadithi ni hadithi?"

Alichukua kamba mwingine, akamtoa kichwa.

Bosi wetu lazima nimweleze, maana ukimfikiria kama majambazi wa sinema utakosea. Alikuwa mtu mpole, nadhifu, mwenye sauti ya chini. Alijua watoto wetu wanasoma darasa la ngapi. Mwaka mpya wao ulipofika alimpa kila mfanyakazi machungwa mawili kwa mikono miwili, na alipokata tikiti maji alitugawia kipande cha katikati, kile kisicho na mbegu. Nilimpenda, nasema kweli. Baada ya kusikia habari ya kisu sikuacha kumpenda mara moja. Ila nilianza kuona kwamba wenzake wa Kichina walipokuwa wakicheka akaingia, hawakunyamaza. Waliendelea kucheka, lakini kwa kipimo kingine.

Mdogo wangu alikuja kwangu Hagsätra, kitongoji cha Stockholm, Jumatatu, siku ambayo mgahawa hufungwa. Jirani yangu wa ngazi ya chini alikuwa mama wa Kikongo kutoka Bukavu, mwanamke mkubwa wa umbo na wa imani, ambaye hakuwahi kusubiri kukaribishwa. Alikuja na sufuria ya sombe, kisamvu cha kwao, akamkuta mgeni, akataka kujua mgeni anafanya nini duniani. Nikamwambia ni mwenzangu wa kazini, na anatunga hadithi. Basi atunge tusikie, akasema, akakaa.

Mdogo wangu akasimulia kwa Kiswidi, nami nikatafsiri. Sikuona hatari. Alisema mji wa baridi tu, hakutaja mahali. Mama wa Bukavu alisikiliza bila kula. Mwisho akauliza, "Na mama ya ule mupishi, anajua?"

"Ni hadithi, Mama," nikasema.

"Weye! Mi nilitoka kwa vita. Mutu akisema hadithi namujua, na mutu akisema kitu aliona kwa macho namujua pia. Huyu mutoto anakaa Södertälje, sivyo?" Akaushika mkono wa mgeni na kuuweka kwenye magoti yake. "Mwambie asiogope. Tutamubeba kwa maombi."

Nilimtafsiria mdogo wangu kwamba mama anamtakia heri. Nilidhani ametakiwa heri.

Watu wasiokulia kwetu hawataelewa kilichotokea baadaye, kwa hiyo nieleze. Sisi Waswahili wa Stockholm, Wakenya, Wakongo, Warundi na wengine, tulikutana Jumapili katika ukumbi wa kuazima kule Tensta, na kabla ya mahubiri palikuwa na saa ya mahitaji. Mtu anasimama, anaeleza jambo linalomsumbua, kanisa zima linalichukua. Hapo ndipo tulipojua nani amenyimwa makaratasi, mume wa nani hajarudi nyumbani, uvimbe wa nani umekatwa. Siri tunayoificha kwa majirani miaka nenda rudi tunaisema mbele ya halaiki alimradi imeitwa ombi. Na ukishaombewa, kila ndugu ana haki ya kukuuliza limefikia wapi, hata ukiwa kwenye foleni ya maziwa.

Jumapili ile nilikuwa zamu. Nilikuja kuambiwa kwamba mama wa Bukavu alisimama akasema: "Mungu asifiwe, bandugu. Kuko mupishi moya wa Chine kule Södertälje, alipotea. Kisu yake iko kwa ukuta, yeye haiko. Mumuombee, na mumuombee ule mutoto wa Chine mwenye anatumika kule na dada yetu, ndiye alituambia." Wakaomba kwa machozi, watu mia wakimlilia mtu ambaye wenye kumjua hawakuthubutu kumtaja.

Mmoja wa walioomba alikuwa ndugu kutoka Eldoret, dereva wa kampuni ya kusambaza mchele na mafuta kwenye migahawa. Wema wake ulikuwa wa kukera: anabeba magunia akiimba, anasalimu hadi mbwa. Wiki ile alileta mzigo kwetu kama kawaida, akaushusha, akampa bosi mkono, akamwambia kwa Kiswidi safi, mbele yetu sote, "Mpishi wako amepatikana? Kanisa letu linamwombea sana. Dada yule pale alimweleza mama mmoja wetu, tukaguswa." Akamwonyesha mdogo wangu kwa kidevu, akitabasamu.

Nilitamani ardhi immeze yeye na magunia yake. Mdogo wangu alikuwa na kamba mkononi na hakumweka chini wala hakummenya.

Bosi alimshukuru. "Mpishi wangu amerudi kwao," alisema. "Nilimsindikiza mwenyewe mpaka uwanja wa ndege. Alinipungia mkono."

"Bwana asifiwe!" akasema ndugu, na uso wake ukang'aa kweli. Kwetu mtu humpima mwenzake kwa mambo kama hayo. Mgeni haachwi aondoke peke yake, anasindikizwa, na tajiri anayemsindikiza mfanyakazi wake mpaka uwanja wa ndege ana utu kuliko wengi tuliowajua. Ndugu aliondoka akiwa amemsifu bosi kwa midomo yote miwili.

Mchana, wateja wa malori walipokwisha, tulikaa kula kwenye meza ya duara kama kawaida. Safari hii bosi alipika mwenyewe, samaki mzima wa mvuke na tangawizi. Akamketisha mdogo wangu kando yake. Akachukua vijiti, akatoa shavu la samaki, ile nyama laini ambayo kwao hupewa mgeni wa heshima, akaiweka kwenye bakuli lake. Kisha akasema kwa Kiswidi, lugha ambayo hakuwa akiitumia mezani, na nikajua ametaka nisikie.

"Nimeambiwa unajua kusimulia. Hadithi yako inaishaje?"

"Bado sijaamua," alisema mdogo wangu.

"Mpishi amefika kwao. Mama yake amempikia. Inaishia hapo." Akamwongezea samaki. "Kula, inapoa. Kesho usishuke jikoni. Tutatoka pamoja, kuna mambo ya kibali chako."

Wengine waliendelea kula, macho kwenye bakuli. Mpishi wa zamu alipakua wali mara ya pili, nami nikaelewa kwamba meza hii ilishawahi kukaa hivi.

Kwenye sinki, maji yakiwa yamefunguliwa kwa nguvu, aliniambia bila kunitazama, "Jie, hata yule mpishi alipikiwa samaki."

Niliogopa. Lakini mimi nikiogopa huwa nakasirika, na hasira inanipa akili. Nilichukua koti langu, nikalikunja ndani ya boksi tupu la mafuta, nikaweka juu yake maboksi mengine yaliyobanwa, nikampa. "Peleka takataka," nikamwambia kwa sauti ya kila mtu kusikia. Alitoka na maboksi kifuani, aproni kiunoni, saa ambayo jua la Februari lilikuwa bado juu ya mapaa. Hakurudi. Alipanda treni hadi Älvsjö, akachukua basi la Hagsätra, akabisha kwa mama wa Bukavu.

Mimi nilibaki kumaliza zamu. Bosi alikuja, akaniuliza mdogo wako yuko wapi, nikasema nilidhani amepanda juu kulala, tumbo lilikuwa linamsumbua. Akatikisa kichwa kwa huruma. Nilipokuwa naaga, akaniangalia kuanzia juu mpaka chini.

"Koti lako liko wapi?"

Nikasema nimelisahau nyumbani. Katika baridi ile, mtu alisahau koti nyumbani! Hakubisha. Alivua lake, la sufu, zito, akanivisha mabegani kwa mikono yake miwili, akanifunga kifungo cha juu kabisa, hapa shingoni. "Hagsätra ni mbali," alisema. "Usipate baridi." Sikuwahi kumwambia ninapoishi. Nililivaa hadi ndani ya treni, nikalivua nikaliacha kwenye kiti, nikaenda nyumbani nikitetemeka, na sikukanyaga tena jikoni mle.

Siku zilizofuata mdogo wangu alikaa chini kwa mama wa Bukavu, mapazia yamefungwa. Mama nilimpigia kelele nilizokuwa nazo zote. Nilimwuliza kama mdomo wake una mlango. Alinisikiliza mpaka nikachoka. "Niliomba," alisema. "Nilikosea kuomba?" Aliuliza kwa dhati. Wakati huo mdogo wangu alikuwa na hesabu yake kichwani. Kibali chake cha kazi kilifungwa kwa mgahawa ule na bosi yule. Akijitokeza popote kueleza, ameacha kazi, na bila kazi nchi hii haina sababu ya kumweka. Akikaa kimya, pengine bosi angemsahau, angepata jiko jingine mji wa mbali. Aliniambia wazi kwamba anataka kunyamaza. Nilimwelewa.

Jumapili nilikwenda Tensta na mama ili tusionekane kuna jambo. Saa ya mahitaji ilipofika, ndugu wa Eldoret akaruka juu.

"Bwana asifiwe! Bwana asifiwe tena!"

"Amina!"

"Mungu anajibu. Mnamkumbuka yule dada Mchina? Ijumaa nilipeleka mchele, nikamwuliza bosi. Amerudi kwao salama. Bosi mwenyewe alimsindikiza mpaka uwanja wa ndege, na aliniambia dada alimpungia mkono. Kama yule mpishi! Tumpigie Bwana makofi."

Wakapiga. Watoto walipiga, wazee walipiga. Mimi mikono yangu ilikuwa imekufa mapajani. Yule dada tulimwacha asubuhi kwa mama akinywa chai, soksi za mama miguuni, akilalamika kwamba maziwa yamezidi. Bosi aliona mtu aliyempungia mkono, na mtu huyo hakuwepo. Basi na yule wa kwanza alimpungia nani? Hadi dakika ile nilikuwa na katumaini kadogo kwamba labda mpishi yuko mahali anakaanga mayai. Kalikufa pale, katikati ya makofi. Nikamgeukia mama wa Bukavu, naye alikuwa tayari ananitazama.

Tulipomweleza mdogo wangu, aliweka kikombe chini. "Basi mimi nimeshaondoka," alisema. "Nikikutwa maiti sijui wapi, hakuna atakayeuliza. Watu wote wanajua niko nyumbani."

"Twende polisi," akasema mama. "Waone mutu mwenye anapumua."

"Nikienda, watanirudisha."

Mama hakumshawishi, na mimi sikumshawishi. Alisimama mwenyewe, akavaa koti langu.

Polisi walimpokea vizuri, nisiwasingizie. Wakaleta mkalimani, wakaandika, wakampa kahawa. Habari ya mpishi ilichukua muda mfupi, kwa kuwa hawakupata dalili kwamba mtu huyo aliwahi kuingia nchini, na asiyeingia ni vigumu kumtafuta alikotokomea. Habari yake yeye ilichukua muda mrefu: alikuja lini, kazi gani, kwa nini ameacha. Walikwenda mgahawani pia. Ndugu wa Eldoret, ambaye sasa alikuwa akilia kila akituona, alituambia kwamba waliandaliwa chai, na kwamba ukuta wa kando ya jiko la wali umepakwa rangi mpya, nyeupe, msumari hakuna.

Mdogo wangu alipewa muda mfupi apate kazi nyingine, akaitafuta kwa wapishi wa kila mtaa. Kila mgahawa alioingia, wenyewe walikuwa wameshasikia, wakamkatalia kwa upole. Sura ya mwisho aliiandika juu ya meza yangu ya jikoni, akaituma. Nilimwuliza inaishaje. Akasema wasomaji wamekasirika, wanasema mwandishi amewadanganya, muuaji hajakamatwa, hadithi ya upelelezi haiishi hivyo.

Muda wake ulipokwisha tulimsindikiza, mama na mimi. Tulisimama uwanja wa ndege wa Arlanda mpaka foleni ikamla, na kabla ya kukata kona aligeuka akatupungia mkono. Sisi tulimpungia kwa mikono yote miwili, kwa nguvu, na machozi yakinitoka mbele za watu nilikuwa nahakikisha kwamba namwona, kwamba ni yeye, kwamba mkono ule ni wake.

Jumapili iliyofuata wakaniuliza kule Tensta. Nikasimama nikasema amerudi kwao, tumemsindikiza sisi wenyewe. Makofi yakalia ukumbi mzima. Yalipokwisha watu wakakaa, isipokuwa mama wa Bukavu, aliyebaki amesimama katikati ya viti na mkoba wake kifuani.

"Na ule mupishi?" aliuliza.

Kiongozi alimngoja akae. Kisha akataja namba ya wimbo.